Nyumba ya Mwisho Katika Amri

Mimi sijui kukaa msibani. Wenzangu wanaweza kukunja miguu mkekani tangu asubuhi hadi jeneza litoke, tasbihi mkononi, nyuso zimetulia. Mimi baada ya muda kidogo tu goti linaanza kucheza lenyewe, mkono unatafuta simu, halafu najikuta nimesimama mlangoni natazama barabara kana kwamba kuna mzigo nimeagiza. Mama ananijua vizuri mimi bintiye. Asubuhi bibi alipofariki hakunituma kupokea wageni wala kuchemsha chai. Alinipa kazi ya kompyuta.

Bibi ndiye mama yake mama, na mama ni mtoto wake wa pekee. Alikata roho alfajiri katika chumba chake, nyumbani kwetu Buyenzi, sisi wawili tukiwa tumemshika mikono. Kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi, na joto la Bujumbura halimngoji mtu. Ilitakiwa aoshwe kabla ya adhuhuri, azikwe baada ya alasiri. Majirani wangekuja tu, maana msikiti ungetangaza na mtaa mzima ungesikia. Lakini mwanamke wa kwetu huoshwa na wanawake wa damu yake, mwoshaji wa mtaa akiwaelekeza, na hao wa damu wametawanyika. Wapo Rumonge, wapo Kinama, wapo Bwiza. Na yupo mmoja Buterere.

Mama aliogopa jambo moja tu, na alilisema waziwazi akiwa bado anafuta macho. "Mama yangu asioshwe na majirani sawa mugeni aliyekufa njiani."

Zamani angetumwa kijana kwa pikipiki, apige hodi nyumba hadi nyumba. Siku hizi petroli inatafutwa kama dawa, foleni za vituo zinazunguka kona, na wa kutumwa Kinama angerudi jua limeshakwenda upande wa Congo. Kupiga simu moja moja mama alikataa katakata. Katika ukoo wetu, habari ya mauti lazima ifike nyumba zote kwa pamoja. Nyumba moja ikijua kabla ya nyingine, hiyo ni kesi, na kesi za namna hiyo kwetu zina umri mrefu kuliko ndoa nyingi.

Hapo ndipo kazi yangu ya bandarini ilipohitajika. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa kutoa mizigo. Boti ikifika kutoka Kigoma au ng'ambo ya ziwa, wenye mizigo wanatakiwa wajue mara moja, na wengi wana simu za kubonyeza zisizo na intaneti. Kwa hiyo niliandika skripti, programu fupi ya kutuma ujumbe kupitia modemu ndogo ninayoichomeka kwenye kompyuta. Haina vitufe vya kupendeza wala picha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika jina la programu, unaweka alama yenye vistari viwili mbele, kisha unapanga nyuma yake orodha ya wale unaotaka waambiwe. Ya nyumbani nilikuwa nimeshaitengeneza tangu mwezi wa Ramadhani, kila nyumba ya ukoo na namba zake, na alama nikaiita nyumba.

Nilikaa kitandani na kompyuta mapajani. Mama akasimama nyuma yangu. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, hawezi kuona maandishi asiyasome, na Kifaransa cha darasani hakimtoki mdomoni: kwake lakini ni mais.

"Rumonge kwanza, hao ni wakubwa," alisema. "Halafu Kinama. Halafu Bwiza."

Nikaandika kama ninavyoandika kazini:

python tuma.py --nyumba rumonge kinama bwiza

"Ni nini hii?" Kidole chake kilipita juu ya bega langu hadi kwenye kioo. "Unawapanga sawa magunia ya saruji?"

"Mama, mashine inaelewa."

"Mashine inaelewa, mais heshima iko wapi? Rumonge ni nyumba. Kinama ni nyumba. Weka kila moja na yake."

"Hawataona hii, Mama. Wao wataona mesaji tu."

"Mi naona."

Ningebishana. Siku nyingine yoyote ningebishana mpaka jirani aje kuamua, na mama anajua, ndiyo maana wakati mwingine ananichokoza makusudi. Lakini maiti ilikuwa chumba cha pili. Nilifuta, nikaanza upya, nikaweka alama mbele ya kila nyumba kama vile mama anavyotaka kila mkubwa asalimiwe peke yake, si kwa mkupuo. Moyoni nilisema ni kitu kilekile, ila kirefu zaidi. Nikawa naelekeza kidole kwenye kitufe cha kutuma.

"Weka na Buterere," mama akasema.

Niligeuka kumtazama.

"Andika. Ni dada yake, nitamuficha vipi? Mais weka ya mwisho."

Sasa lazima nieleze huyu wa Buterere ni nani. Ni mdogo wake bibi, tumbo moja, na kwa muda mrefu sana bibi hakulitaja jina lake. Mama yao alifia Uvira, upande wa Congo, ambako mdogo alikuwa akiishi wakati ule. Bibi alikuwa njiani kutoka huku, amezuiliwa mpakani na watu wa karatasi, anaomba, analia, anawaonyesha kitambulisho. Mdogo hakungoja. Aliosha, akakubali maiti itoke, na bibi alipofika alikuta udongo mbichi na watu wanakunja mikeka. Mdogo alisema imamu aliamua, alisema joto. Bibi hakusikia hata moja. Baadaye mdogo alihamia kwetu huku, Buterere, kwenye mashamba ya mpunga, mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu, na bado walipokutana kwenye harusi za watu kila mmoja alitazama sahani yake. Wanawake wa Bwiza walikuwa pamoja na bibi siku ile mpakani, na chuki waliibeba kumzidi mwenyewe.

Nikaandika mstari mzima, mama akiusoma kwa sauti kama anaita darasa:

python tuma.py --nyumba rumonge --nyumba kinama --nyumba bwiza --nyumba buterere

Nikabonyeza. Kioo kiliandika neno moja, Tayari. Niliipangia iseme hivyo tu kwa sababu bosi wangu akiona mistari mingi anadhani kompyuta imeharibika.

Tukangoja.

Majirani walikuja mapema, wakatandika mikeka uani, wakafunga turubai kwenye mti wa mpapai na kwenye nguzo ya umeme, jambo ambalo kila msiba tunakatazwa na kila msiba tunalifanya. Mwoshaji wa mtaa alifika na ndoo zake, pamba, kafuri, na sanda aliyokwisha kuikata. Mwanamke mnene, maneno machache. Aliingia kumtazama bibi, akatoka, akauliza, "Wa kwenu wako njiani?"

"Wako njiani," mama akajibu.

Nilizunguka ua mpaka jirani mmoja akaniambia nikae, namchosha macho. Nilikwenda barabarani, nikarudi. Nilihesabu vikombe ambavyo hakuna aliyeniambia nihesabu. Bwiza iko hapo tu, unavuka unafika, mtu angeweza kuja na mtoto mgongoni na sufuria kichwani na bado akawahi. Hakuna aliyekuja. Niliangalia simu, hakuna hata aliyejibu pole. Nilihisi joto la aibu shingoni. Majirani walianza kuuliza maswali ya adabu, kama vile barabara ya Rumonge siku hizi ikoje.

"Mama, niwapigie," nilimnong'oneza.

"Apana."

"Nipige Bwiza tu."

"Tumeshawaambia. Sitabembeleza mutu kwa mauti ya mama yangu."

Aliingia ndani, nikamfuata. Alianza kutafuta sababu, kama anavyofanya mtu akiachwa peke yake na jambo. Labda ni ile harusi ya mwaka jana ambayo hatukukaa mpaka mwisho. Labda ni maneno aliyosema kuhusu mtoto wa Kinama. Kila nyumba aliikumbukia kosa alilowakosea, na nilimwona akizeeka mbele yangu. Nilitaka kupiga ukuta. Mwoshaji alichungulia akasema maji yanapoa, na kama wenyewe hawaji, yeye ana wanawake wawili hapo uani, wazuri, wanajua kazi. Mama alimwomba asubiri kidogo. Aliomba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ndipo yule wa Buterere akatokea getini.

Alikuja peke yake. Alipanda baiskeli ya kukodi sehemu ya njia, iliyobaki akatembea, maana mvua ilikuwa imejaza maji kwao na matope yalimfika nusu ya miguu. Ndala alizishika mkononi. Hakuingia. Alisimama pale kwenye geti akiwa amejitanda kitenge, akingoja aambiwe, na majirani wa zamani wanaojua habari waligeuka wote kumtazama mama. Mimi nilichukia. Naandika kama nilivyohisi: nilichukia kwamba katika watu wote, amekuja yeye.

"Karibu, mama mudogo," mama alisema. Hakumsogelea.

Bibi mdogo aliosha miguu bombani, akaja akakaa pembeni ya mlango, pale viatu vinapoachwa. Alitazama mkeka hadi mkeka, akitafuta nyuso za kwetu. "Wengine wako ndani?" aliuliza. Jirani mmoja alimsogezea kikombe cha chai.

Mama alinivuta hadi nyuma ya pazia. "Umeona? Yeye alipata mesaji. Donc ilifika. Donc wale wengine wamekataa."

Hiyo donc yake, ile kwa hiyo ya Kifaransa, ndiyo iliyoniamsha. Buterere ndiko kwenye reso, mtandao wa simu, mbovu kuliko kote, ukitaka kumpata mtu inabidi apande tuta la mpunga. Ujumbe uliofika Buterere ungeshindwaje kufika Bwiza? Niliichukua kompyuta, nikafungua kumbukumbu za modemu, mahali inapoandika kila ujumbe uliotoka. Ulikuwa umetoka kwenda nyumba moja. Rumonge haikuwapo. Kinama haikuwapo, wala Bwiza. Buterere peke yake.

Nilielewa palepale. Nilipoiandika skripti niliiambia hivi: ukikuta hiyo alama, kusanya kila jina linalofuata uliweke kwenye orodha. Sikuiambia kwamba ikiikuta alama mara ya pili iendelee na orodha ileile. Kwa hiyo kila ilipokutana na alama upya, ilifungua orodha mpya na kuitupa ya zamani. Ilimpokea Rumonge, ikamtupa ilipofika kwa Kinama. Kinama akatupwa kwa ajili ya Bwiza, Bwiza kwa ajili ya Buterere. Baada ya Buterere hapakuwa na mwingine, akabaki yeye. Programu haikulalamika kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika, imefanya ilichoambiwa. Bandarini jambo hili halijatokea hata siku moja, maana pale hakuna anayempa mwenye kontena heshima ya kuitwa peke yake. Alama moja, wote nyuma yake kwenye mstari, basi.

Niliandika kama magunia ya saruji:

python tuma.py --nyumba rumonge kinama bwiza

Nilibonyeza kwa nguvu mpaka kitufe kikalia. Tayari. Sikuiamini tena hiyo Tayari, nikakaza macho kwenye kumbukumbu mpaka nikaziona namba zote zikipita moja baada ya nyingine. Simu yangu ikaita kabla sijaiweka kompyuta chini. Ilikuwa Bwiza, binamu mkubwa wa mama, analia na kufoka kwa pamoja. "Ni saa hii munatuambia? Saa hii? Nakuya!"

Mama alisikia kila neno, maana binamu yake akiongea kwenye simu hahitaji simu.

"Hawakukataa, Mama," nilisema. "Hawakuambiwa. Nyumba ile ya mwisho peke yake ndiyo iliyoambiwa." Nikamweleza kwa kifupi kwamba kila alama ilifuta iliyotangulia.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa nimeshaandaa majibu, maana alama zile ni yeye aliyezitaka. Hakunigombeza. Alifunika uso kwa viganja akacheka, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri kama mtu anayelia kweli. "Kumbe hawanichukii," alisema. Alirudia hivyo mara kadhaa.

Mwoshaji akachungulia tena. "Wa Bwiza wanakuja? Basi tuwangoje, si mbali."

Lilikuwa jambo la kawaida kabisa kusema. Wangefika upesi, chumba kingejaa, kazi ingekwenda na mama angepata alichokitaka. Nilimwona mama akiinua pazia kidogo. Pale mlangoni, kati ya viatu, bibi mdogo alikuwa amekaa vilevile, mgongo wima, mikono mapajani, kama mgonjwa aliyeambiwa daktari anakuja. Wote watatu, mimi, mama na mwoshaji, tulijua wanawake wa Bwiza wakimkuta ndani watamfanya nini. Wasingempiga, watu wazima hawapigani. Wangesimama tu kati yake na dada yake, bega kwa bega, na angetoka mwenyewe.

"Apana," mama akasema. "Tuanze."

"Na nani?"

"Na yeye. Na mi. Na huyu mutoto atamwaga maji."

"Wale wataleta maneno."

"Walete."

Sikutegemea. Mama huyu ambaye hawezi kuvumilia nyumba moja ipewe chai kabla ya nyingine. Alitoka mwenyewe hadi mlangoni, akainama, akamshika bibi mdogo mkono na kumwinua. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kitenge kikiteleza begani na bibi mdogo hakukirudisha.

Maziko yenyewe hayakuharibika, niseme hilo ili mtu asibaki na wasiwasi. Kinama walifika, Rumonge walipata gari la samaki lenye mafuta wakaiwahi swala ya alasiri, na watu walikuwa wengi hadi nje ya turubai. Ila kwangu mimi siku ile imebaki ndani ya kile chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa shuka.

Nilishika jagi. Mwoshaji alielekeza: kulia kwanza, taratibu, mimina, ngoja, mimina. Bibi alikuwa amefunikwa, tukaosha chini ya nguo. Mikono ya bibi mdogo ilikuwa na nyufa za mpunga kwenye kila kiungo, na mwanzoni aliiweka juu ya dada yake kwa hofu, kama anagusa kitu cha watu. Aliosha vidole kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza siku nzima goti langu lilitulia, ila moyo haukutulia hata kidogo, maana masikio yalikuwa getini.

Walifika. Tulizisikia ndala zao, tukasikia kilio, kisha sauti ya binamu wa mama nje ya mlango: "Nani iko ndani na yeye?" Jirani alijibu kitu kwa chini. Halafu, kwa sauti iliyopandishwa makusudi, "Nani alimuita huyo?" Kitasa kilitikisika. Mwoshaji, bila kugeuka, aliegemeza mwili wake wote mlangoni.

Bibi mdogo aliondoa mikono. "Nitoke?"

"Endelea, mama mudogo," mama akasema.

Hakuendelea. Alimtazama mama, kisha uso wa dada yake. "Nilipofika sikukuta mutu yetu hata mmoja. Nikasema bas, nimechelewa, wameshamuosha, wako wanapumzika ndani. Halafu nikasikia ile simu, kumbe hata wale wa Bwiza walikuwa hawajajua." Alifuta viganja kwenye gauni. "Mi niliitwa wa kwanza?"

Mama alibana midomo. Hawezi kusema uongo, ualimu umemharibu.

"Ni yeye alisema hivyo?" Alimwonyesha bibi kwa kidevu. "Kabla ya kufa, alisema niitwe wa kwanza?"

Bibi hakuwahi kusema. Siku zake za mwisho aliomba maji, aliomba radio izimwe, alimwita mama yake kwa Kirundi. Mdogo wake hakumtaja. Mama alinitazama mimi. Mimi ni mtu wa kurekebisha makosa, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Nikiona kitu hakiko sawa siwezi kukiacha, namkatiza mtu katikati ya sentensi, watu wananichukia kwa hilo. Ukweli wote nilikuwa nao mdomoni, mfupi, na ungetoka bila shida. Mlango ulisukumwa tena.

"Ndiyo, Bibi," nilisema. "Alisema uitwe wa kwanza."

Hakulia. Aliinama, akaweka paji la uso wake kwenye lile la dada yake, akakaa hivyo mpaka mwoshaji akakohoa. Kisha alikunja upya mikono ya gauni lake, juu kabisa ya viwiko, na alipolishika bega la dada yake safari hii alilishika kwa viganja vyote viwili.

"Maji," aliniambia.

Nikamimina.